Panya dume na kinachoitwa homoni ya kike

Juzi hapa Mbeya, rafiki yangu anayefundisha baiolojia alisema kuharibu jeni ya panya ili kuichunguza estrojeni, ile homoni inayoitwa ya kike, ni kumtesa mnyama bure, maana panya si mtu. Hoja yake ina uzito. Ila kuna jambo aliliruka.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walitangaza panya asiye na kipokezi alfa cha estrojeni, yaani protini ya ndani ya seli inayoipokea homoni hiyo ili ifanye kazi. Wengi waliamini kiumbe wa namna hiyo hawezi kuishi. Akaishi, akakua. Majike walikuwa tasa, hilo halikumshangaza mtu. Lakini hata madume hawakuzalisha! Miaka minne baadaye sababu ikajulikana. Mbegu hutoka kwenye korodani zikielea katika maji mengi, na mirija midogo iliyo mbele hunyonya sehemu kubwa ya maji hayo. Kipokezi kisipokuwepo, mirija hainyonyi: mbegu zinazimuliwa, maji yanarudi nyuma, korodani inavimba, kisha inanyauka. Mkulima wa mpunga kule Mbarali, ambaye mtaro wake wa kutolea maji umewahi kuziba, haelezwi mara mbili.

Namng'ang'ania dume huyu kwa sababu kwetu, ndoa ikikosa mtoto, mke ndiye anayezungushwa kwa waganga na mwishowe kurudishwa kwao. Mume hapimwi. Na estrojeni bado tunaiita homoni ya kike, kana kwamba mwili wa mwanamume hauna shughuli nayo.

Ni kweli, panya hakusema yote. Mwaka 1994 iliripotiwa habari ya mwanamume wa miaka 28 mwenye hitilafu katika kipokezi hichohicho. Alikuwa na urefu wa sentimita 204 na bado anarefuka, kwa kuwa ncha za mifupa yake hazikuwa zimefunga, na mifupa yenyewe ilikuwa dhaifu. Panya asingelionyesha hilo vizuri, kwani ncha za mifupa yake hazifungi kama zetu anapobalehe. Na idadi ya mbegu za mtu huyo ilikuwa ya kawaida, ingawa nyingi hazikuwa hai. Hapo rafiki yangu yuko sahihi kabisa.

Lakini seli zinazokuzwa kwenye kisahani cha maabara badala ya kumtumia mnyama hazina mirija wala korodani ya kuvimba; maji yaliyorudi nyuma yalionekana kwa sababu mnyama alikuwa mzima. Rafiki yangu aliniuliza kama niko tayari panya wafe kwa ajili hiyo. Nilimjibu ndiyo, wachache iwezekanavyo, na bila maumivu yanayoepukika.