Paka Aliyesimamia Ndoa Yangu

Nianze kwa kujitetea: nia yangu ilikuwa njema. Folda za picha kwenye kompyuta yetu zilikuwa zimefikia hali ya kutia aibu. Kulikuwa na "Picha", "Picha mpya", "Picha mpya 2", "Picha mpya KABISA", na moja iliyoitwa "zzz" ambayo hakuna aliyekiri kuifungua. Jumamosi moja, mke wangu akiwa katoka, nikaamua kuzihamishia picha zote kwenye folda moja kubwa, nizipange kama mtu mzima.

Badala ya kunakili, nilikata na kubandika. Kunakili niliona ni woga. Kompyuta ikaenda vizuri, ikafika katikati ikasita, ikauliza: humu tayari kuna faili lenye jina hili, niweke jipya mahali pa lile la zamani? Nikajisemea, hizi ni picha zilezile zilizojirudia, si ndiyo sababu ya usafi wenyewe! Nikabofya ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo. Mara ya tatu nikakiona kile kisanduku cha "fanya hivyo kwa zote", nikakitia tiki kwa furaha, nikaenda kuoga.

Jambo ambalo sikulijua siku ile, na ambalo leo naweza kulihubiri hata msibani, ni kwamba kamera haijui kubuni majina. Inaanza DSC_0001, inahesabu mpaka 9999, kisha inarudi 0001 bila haya. Ukinunua nyingine, nayo inaanza 0001. Sasa, kamera yetu ya kwanza ilianza kazi siku ya harusi yetu. Ya pili ilianza kazi siku nilipokuwa najifunza kuitumia, na aliyekuwepo karibu ni paka. Paka kalala. Paka kaamka. Paka ananitazama kwa dharau. Kandambili zangu, kwa karibu sana. Pazia. Paka tena.

Jioni mama mkwe akaja, na kabla hajakaa sawasawa akaomba aonyeshwe harusi. Nami, kwa majivuno ya mtu aliyetoka kufanya usafi, nikafungua folda mpya. 0001, paka. 0002, paka. Nikaongeza kasi, nikijipa moyo kwamba harusi iko mbele. Tulipofika 0040 mama mkwe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba," akasema taratibu, "huyu ndiye aliyeshika pete?"

Mke wangu hakusema neno. Afadhali angesema.

Nikakimbilia pipa la taka la kompyuta. Tupu. Kumbe faili likibadilishwa na jingine la jina lilelile halipitii pipani, linapotea papo hapo. Nikampigia shemeji, ndiye fundi wa mambo haya katika ukoo. Akanieleza kwamba kwenye diski ya zamani kama yetu, ile inayozunguka, kilichofutwa bado kipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. "Kwa hiyo shemeji, usiiguse kompyuta. Usishushe chochote." Nikamshukuru sana. Sikumwambia kwamba wakati nasubiri apokee simu nilikuwa nimeshashusha programu tatu za kufufua mafaili, zote kwenye diski ileile.

Mojawapo ilikesha ikichimba, asubuhi ikanikabidhi mafaili zaidi ya elfu thelathini, yote yana namba tu badala ya majina. Vitufe vya kurasa za intaneti. Nembo. Nusu ya uso wa mjomba, na kuanzia puani kwenda chini kijivu kitupu. Nikajaribu kuyapanga kwa tarehe, maana kila picha hubeba ndani yake tarehe iliyopigwa. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kamera ile hatukuwahi kuiwekea saa. Kwa ushahidi wake, tulioana tarehe 1 Januari 2008, saa sita usiku, miaka minne kabla hatujajuana.

Bibi harusi nilimpata hatimaye, kwenye kile kijipicha ambacho kamera hukificha ndani ya picha kubwa: nukta 160 kwa 120. Mke wangu alikuwa na ukubwa wa stempu. Nikamkuza, akawa matofali.

Kesho yake mama mkwe akarudi. Akafungua mkoba, akafungua leso, akafungua fundo la leso, akatoa flashi.

"Zote zimo humu. Mwanangu aliniletea wiki ileile ya harusi."

Nikamgeukia mke wangu.

"Nilikuwa nimeshakujua," akasema.

Nikachomeka flashi, nikaziburuta picha kuelekea kwenye ile folda kubwa. Kompyuta ikasita. Humu tayari kuna faili linaloitwa DSC_0001. Naapa, safari hii "ndiyo" ingemfuta paka tu, nami nikafungua kinywa nilieleze hilo, lakini mama mkwe alikuwa ameshaninyang'anya kipanya.