Moyo unaumwa, hesabu inaenda kwa goita

Faili lilikuwa mezani kwangu, dokta kaandika mistari mitatu tu: thairotoksikosisi (homoni ya tezi kuzidi mwilini), chini yake moyo umetanuka, chini yake tena moyo kufeli, na kati ya hiyo mistari hakuna hata neno moja la kuiunganisha. Mama wa miaka 40 na kitu, goita (tezi ya shingo kuvimba) ya siku nyingi, kakonda, mikono inatetemeka, miguu imevimba. Yeyote aliyesoma lile faili anajua nini kimeleta nini. Ila mi kazi yangu ni kuweka kodi (sio zile za TRA jamani, hizi za magonjwa, za ICD-10, kitabu cha WHO kinachopa kila ugonjwa namba yake) na kodi haiwekwi kwa kuhisi.

ICD-10 ina I42, hizo ni kadiomayopathi (magonjwa ya misuli ya moyo) zinazosimama zenyewe, halafu ina I43, yaani misuli ya moyo iliyoharibiwa na ugonjwa mwingine ambao una makazi yake sehemu nyingine ya kitabu. I43 ina alama ya nyota, na kodi ya nyota haitembei peke yake, lazima itanguliwe na ule ugonjwa uliosababisha, ambao kitabuni una alama kama kamsalaba. Kwa hiyo yule mama ni E05.9 ya tezi kwanza, halafu I43.8 ya moyo. Amiloidosisi (protini mbovu kujazana kwenye viungo) ikivamia moyo ni E85 halafu I43.1, dondakoo ni A36.8 halafu I43.0. Na akifa, Mungu apishe mbali, chanzo cha kifo hakiwezi kuwa kodi ya nyota, kinahesabiwa kile kilichotangulia.

Wanaotetea huu utaratibu siwezi kuwabeza. Mgonjwa wa tezi akiwahi kupata dawa kama kabimazoli na propranololi, mara nyingi moyo wake unarudi vizuri kabisa, sasa ukimhesabu kama mgonjwa wa moyo tu umeficha kitu ambacho kingemponya. Na takwimu ndo zinazotumika kuagiza dawa. Zikisoma goita kuna mtu atauliza habari za madini joto, zikisoma moyo watauliza mashine ya eko, ile ya kupiga picha moyo.

Sasa njoo upande wa pili, na hapa ndo mi huwa nakereka. Mlevi aliyeharibu moyo kwa gongo anaandikwa I42.6, yuko sura ya moyo. Aliyeharibiwa na dawa ya saratani kama doksorubisini ni I42.7, naye yuko moyo. Mama ambaye moyo umetanuka baada ya kujifungua ni O90.3, huyo anahesabiwa uzazi. Na wetu wa goita anahesabiwa homoni. Wote hawa wanne wanaweza kuwa wamelala wodi moja, wanameza furosemaidi ile ile ya kutoa maji mwilini, nesi anawapima mkojo kwenye jagi zinazofanana, halafu mtu anakuja mwisho wa mwaka anauliza tuna wagonjwa wangapi wa misuli ya moyo, unamfungulia sura ya moyo peke yake. Utampa jibu gani la maana?

Ukiwa na mfumo unaopokea kodi zote mbili hakuna tatizo, unatafuta I43 na inatokea. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi zinabaki na moja tu, ile ya kwanza. Niliwahi kurudishiwa madai na bima moja, siitaji, kisa mgonjwa wa goita kapigwa eko na wao wameona E05.9 peke yake, wakaandika kipimo hakiendani na ugonjwa. I43.8 ilikuwepo kwenye fomu, pale chini. Jamaa mmoja ofisini akanishauri niwe naanza na I42.0 ili ipite. Inapita kweli, ila hapo umedanganya, manake umesema moyo umetanuka wenyewe wakati faili linasema vingine.

Marekani kule kwa ICD-10-CM, toleo lao wenyewe, tatizo hili wamelipunguza kidogo, kifua kikuu cha moyo kina kodi yake moja A18.84, sakoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vidogo vidogo ndani ya viungo) ina D86.85, kila kimoja kinabeba ugonjwa na kiungo humo humo. Tezi na amiloidosisi wamewaachia I43 ya mbili mbili, na ukiiweka I43 namba moja kompyuta inaikataa papo hapo. ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022, inaruhusu kodi kufungwa pamoja kwa alama ya mkwaju (/), kodi zako za tezi na moyo zinakuwa kama behewa zilizounganishwa. Wazo zuri, ingawa mfumo wa kupokea ukikata behewa la nyuma tumerudi pale pale.

Halafu kuna lile neno lenyewe, kutokana na. Sisi wa rekodi tunalilia madokta waliandike, na ni kweli ni maneno mawili tu. Lakini nimekaa na dokta mmoja akanifungulia faili la kijana mwenye VVU na moyo mkubwa, akaniambia we niambie ni nini: virusi vyenyewe? Miaka aliyokunywa zidovudini, dawa ya VVU? Pombe, maana anakunywa? Lishe? Presha ambayo hakuna aliyewahi kuipima? Niandike kutokana na VVU ili wewe ulale vizuri? Nilikosa la kusema. Ukimbana dokta aunganishe kila kitu utapata faili safi zenye uhakika wa uongo, ndo maana hata wenzetu Marekani wana miongozo inayokataza kumuuliza dokta swali ambalo tayari lina jibu ndani yake. Unauliza uhusiano upo, haupo, au haijulikani, basi, unanyamaza.

Kwa hiyo mi chanzo kitangulie, hapo siwapingi wenye kitabu, ila fomu yoyote inayobakiza kodi moja isitumike kuhesabu moyo. Na uhusiano aandike dokta, sio mimi, hata kama nauona kwa macho.

Faili la yule mama nililirudisha wodini, likarudi baada ya siku mbili limeongezwa maneno mawili kwa kalamu nyingine na sahihi pembeni. La kijana halikuongezwa kitu, nikaliandika B24 ya VVU na I42.0, kila moja kivyake, nikasubiri eko ya pili.