Wanaume Wakitawishwa: Ndoto na Jinamizi katika Hadithi za Kifeministi

Mwaka 1905 jarida moja la wanawake mjini Madras, India, lilichapisha hadithi fupi ya Rokeya Sakhawat Hossain, Sultana's Dream. Humo wanaotawishwa ni wanaume: wanapika na kulea ndani, wanawake wanaendesha nchi. Mwandishi alikuwa Mwislamu wa Bengal, mwenyewe ametawishwa tangu utotoni.

Nguvu ya hadithi ni hesabu zake. Mwanamume, anaeleza Dada Sara, mwenyeji anayemtembeza msimulizi nchini humo, huvuta sigara nene 12 kwa siku. Kila moja huteketea kwa nusu saa, basi saa 6 zimeishia kwenye moshi. Ndiyo maana wanawake humaliza kazi ya ofisi kwa saa 2. Jiko hutumia joto la jua, bila kuni wala masizi. Chuo kikuu kimoja cha wanawake kinavuta maji mawinguni, kingine kinahifadhi joto la jua; adui alipovamia, wanafunzi 2,000 walimwelekezea joto hilo akatimua mbio. Elimu, nishati na muda: Rokeya anataja vifaa vya ukombozi kimoja kimoja.

Wapo wanaolalamika kwamba kufuli halikuvunjwa, limehamishiwa mlango mwingine. Hoja ina uzito. Wakuu wa polisi waliofungiwa wanapoomba kurudi kazini, malkia anajibu kwamba wakihitajika wataitwa. Lakini jibu hilo ndilo wanawake walilozoea kupewa, na hapa naungana na watetezi: hadithi hii ni kioo cha hali ya wanawake, na kioo hakiwi sheria. Herland ya Charlotte Perkins Gilman (1915), riwaya ya nchi ya wanawake watupu, ndiyo inayonitia hofu, maana pale msichana anayeonekana ana tabia mbaya huombwa asizae, na mwandishi analiona jambo jema kabisa.

The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood (1985), riwaya ya Gilead, utawala wa kidini unaowakandamiza wanawake, inafundisha kingine: hatua za kunyang'anywa. Wabunge wanauawa, katiba inasimamishwa, kisha akaunti zote zenye herufi F, yaani za wanawake (female), zinafungwa na pesa kuwekwa chini ya mume au ndugu wa kiume. Msimulizi anagundua dukani, kadi yake inapokataliwa akinunua sigara. Siku hiyohiyo anafukuzwa kazi maktaba. Wanaodai kwamba imetiwa chumvi wakumbuke kuwa Atwood alijizuia kuandika lolote ambalo binadamu hawajawahi kutenda mahali fulani.

Hata hivyo, msomaji wa Atwood anajifunza kulinda akaunti yake, ila haambiwi nani atapika na nani atalea watoto siku Gilead ikianguka. Rokeya alianzia jikoni.