"Tazara wapo?"

Kama unapanda daladala za Gongo la Mboto kwenda mjini basi hili swali unalijua. Gari ikishaacha Kipawa tu konda anageuka, anagonga bodi, "Tazara wapo?" Kimya. Anauliza tena, maana kuna watu hobi yao ni kunyamaza mpaka wapitilizwe ndo waanze kelele. Wakikosekana wa kushuka Tazara dereva anakanyaga mafuta, gari inapanda flaiova, lile daraja la juu la pale makutano ya Tazara, upepo unapiga dirishani, ndani ya dakika mmeshavuka na kila mtu anajiona yuko Ulaya. Ila sasa atokee mama mmoja kule siti ya nyuma na ndoo yake miguuni aseme "yupo", utasikia misonyo gari zima. Maana yake tunapita chini, na chini ni taa na malori.

Mi hii safari nimeipiga miaka mingi, kabla ya flaiova na baada yake, kwa hiyo nikisema kitu kuhusu madaraja ya juu ya hapa Dar sisemi kama mtaalamu, nasema kama abiria aliyekaa sana kwenye foleni. Na kitu chenyewe ni hiki: kila foleni ikituzidi tunasema "wajenge flaiova", na mimi nimeanza kuchoka na hilo jibu.

Msinielewe vibaya, sijasema Tazara haikusaidia. Waliokuja mjini juzi hawajui tulikotoka. Pale barabara ya Nyerere inakatana na barabara ya Mandela, yaani watu wote wa airport, Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu wanakutana na malori yote yanayotoka bandarini Kurasini kwenda Ubungo yakatafute njia ya Zambia na Kongo. Trafiki alikuwa anazima taa anaongoza kwa mkono, akiita upande mmoja anaita mpaka nyie wengine mnahisi kawasahau. Watu walikuwa wanaachwa na ndege huku uwanja wanauona kabisa. Halafu kulikuwa na soko zima katikati ya magari, maji, karanga, korosho, chaja, ramani ya dunia, mpaka stuli. Mi pasi yangu ya kwanza ya kupigia nguo nilinunua dirishani pale na tukabishana bei gari ikiwa imesimama, nikamshusha, tukamalizana, na bado hatukuwa tumesogea.

Septemba 2018 ikafunguliwa, hela zimetoka kwa Wajapani, ikaitwa Mfugale, jina la injinia Patrick Mfugale aliyekuwa bosi wa TANROADS, wakala wa barabara, wakati huo. Miezi ya kwanza ilikuwa raha mno. Watu walikuwa wanapanda juu wanapiga picha, wengine wanaenda na familia jumapili, nchi ilikuwa haijawahi kuwa na kitu kama kile.

Baadae ndo tukaanza kugundua kwamba ukishashuka upande wa mjini unakutana na mkia wa foleni ya Veta. Ile foleni kumbe haikuisha, ilisogea mbele vituo viwili vitatu. Na ni kitu ambacho ukikaa ukafikiri kiko wazi, ni kama una mfereji umeziba sehemu nne, ukizibua sehemu moja maji yanakimbia kwa kasi kwenda kugonga pale palipoziba panapofuata. Zamani taa za Tazara zilikuwa zinatuachia kidogo kidogo, sa hivi tunafika Veta na Kamata wote kwa pamoja, tena kwa haraka, tukasimame vizuri.

Alafu kuna hili la watu kuongezeka. Pale mtaani kwetu kuna jamaa alikuwa na gari lakini analiacha nyumbani katikati ya wiki, anasema hawezi kuchoma mafuta Tazara. Flaiova ilipofunguka akaanza kwenda nalo kazini kila siku, na sio yeye peke yake, wakajitokeza na wengine waliokuwa wanajishauri kununua. Huwezi kuwalaumu, njia imefunguka kwanini usipite? Lakini kila mmoja akifikiri hivyo basi ile nafasi iliyopatikana inajaa na mnarudi palepale, tofauti ni kwamba mko wengi zaidi.

Wenzetu wa Nairobi wamejengewa ile Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilianza kutumika 2022, unalipia. Mwenye hela anapita juu anateleza, asiye nayo yupo chini Mombasa Road anamuangalia. Seoul kule Korea Kusini ndo walinishangaza, walikuwa na barabara ya juu katikati ya mji, inaitwa Cheonggyecheon, mwaka 2003 wakaanza kuibomoa na kufika 2005 wakawa wamefukua mto uliokuwa umefunikwa chini yake, watu sa hivi wanapunga upepo, na jiji halikufa. Na Wakorea haohao ndo waliotukopesha hela za Daraja la Tanzanite pale Selander, lililofunguliwa 2022. Sijui huwa wanatuangaliaje!

Ubungo nako nilikuwa na matumaini makubwa kuliko Tazara. Jiwe la msingi liliwekwa Machi 2017, Magufuli akiwa na Jim Yong Kim aliyekuwa rais wa Benki ya Dunia, na ikafunguliwa Februari 2021 ikapewa jina la Kijazi, balozi John Kijazi, katibu mkuu kiongozi aliyekuwa amefariki wiki moja tu nyuma. Ghorofa tatu. Siku hiyohiyo ikazinduliwa na stendi mpya ya Mbezi Luis, mabasi ya mikoani yakahama Ubungo. Na ukiniuliza mimi, kilichoisaidia Ubungo zaidi ni yale mabasi kuondoka kuliko zile nguzo, ila nguzo ndo zinapigwa picha.

Sasa rudi Tazara, shuka kwenye gari, simama kwa miguu. Wale wanaopita juu ni watu wa Nyerere, wanaonyooka. Mtu ametoka Gongo la Mboto anaenda Temeke, au ametoka Buguruni anataka gari ya Ukonga, yeye flaiova anaiona kwa chini kama dari. Anashuka, anatembea pembeni ya lami na mfuko kichwani, anavuka mbele ya semi trela linalokata kona na dereva wake hata hamuoni, anafika upande wa pili anagombania gari. Na hawa ni wengi, jioni wanamwagika pale kama mpira umeisha Uwanja wa Mkapa. Lakini tukipima foleni tunahesabu magari tu, yule mama wa ndoo hayumo kwenye hesabu, na ile daladala iliyobeba watu arobaini inahesabiwa moja, sawa na IST ya mtu mmoja aliyefunga vioo anasikiliza redio.

Daraja la waenda kwa miguu nalo lina mambo yake. Manzese lipo siku nyingi na watu wanapita chini yake, na mimi nimeshapita chini yake pia, nisijifanye mtakatifu, jua la saa saba na zile ngazi na mzigo begani we acha tu. Daraja lililojengwa ili magari yasisimame halafu binadamu ndo apande ngazi, atalikwepa.

Kwa hiyo likija jingine, na litakuja, mi naomba kabla ya michoro ya rangi rangi tuonyeshwe likishuka linashukia wapi, kwenye taa gani, na mtu wa miguu anavukia wapi. Na malori ya Mandela yapungue yenyewe, reli ya SGR ipo, bandari kavu ya Kwala ipo kule Pwani, kontena likitoka bandarini kwa treni hatuhitaji kulijengea ghorofa njiani. Hilo haling'ai kwenye kalenda ya mwaka mpya lakini ndo ningelipigia kura.

Wiki iliyopita nilikuwa naenda Temeke msibani. Gari imejaa, nimesimama, konda kagonga bodi, "Tazara wapo?" Kimya. Kauliza tena. Nikameza mate nikasema "yupo". Kuna dada mmoja pembeni yangu alisonya ule msonyo mrefu, wa kushusha na kupandisha, na konda akanimalizia kabisa: "We mzee si ungesema mapema!"

Taa zilitukamata mara tatu.