Waziri Mkuu achaguliwe na wabunge, si na wenye kadi za chama

Rishi Sunak aliingia Downing Street, ofisi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, tarehe 25 Oktoba 2022 bila mwananchi hata mmoja kupiga kura. Wanachama wa kawaida wa chama chake cha Conservative nao hawakupiga. Sharti lilikuwa kila mgombea adhaminiwe na wabunge wasiopungua 100. Boris Johnson akajitoa, Penny Mordaunt akajitoa dakika za mwisho, akabaki yeye peke yake, na mfalme akamwita aunde serikali. Lalamiko likazuka pale pale, na halikuwa la wapinzani tu: huyu kachaguliwa na nani?

Ni lalamiko linaloeleweka, hasa kwetu sisi tuliozoea kumpigia rais kura kwa jina na picha yake. Hata hivyo naamini lilielekezwa kwa mtu asiyestahili. Uingereza ilipata mawaziri wakuu wapya wawili mwaka ule, na Sunak ndiye aliyepatikana kwa njia iliyo karibu zaidi na mwananchi. Aliyepaswa kuulizwa swali lile ni Liz Truss aliyemtangulia, yeye ambaye maelfu ya watu walimpigia kura.

Katika mfumo wa bunge mpiga kura anamchagua mbunge wa jimbo lake, na Waziri Mkuu ni yule ambaye wabunge walio wengi wako tayari kusimama nyuma yake. Kuanzia Clement Attlee mwaka 1945 hadi Keir Starmer mwaka 2024, watu 18 wameshika kiti hicho Uingereza. Kumi na mmoja kati yao, wakiwemo Harold Macmillan, James Callaghan, John Major na Gordon Brown, walikipata mara ya kwanza katikati ya muhula, pasipo uchaguzi mkuu. Kama Sunak hakuwa halali, basi zaidi ya nusu yao hawakuwa halali, na sijasikia mtu akisema hivyo kuhusu Macmillan.

Turudi kwa Truss. Julai 2022 Boris Johnson alilazimika kutangaza kuondoka baada ya mawaziri na wasaidizi wao zaidi ya 50 kumkimbia kwa siku chache. Wabunge wa Conservative, karibu 360, wakaanza kupiga kura za mchujo, raundi tano. Sunak aliongoza zote tano. Ya mwisho ilimalizika hivi: Sunak 137, Truss 113, Mordaunt 105. Kwa hiyo Truss hakufikisha hata theluthi moja ya wabunge ambao ndio wangepitisha miswada yake, wangetetea bajeti yake na kurudi majimboni kuieleza. Chini ya kanuni za zamani wabunge peke yao ndio wangemaliza uamuzi. Kwa kanuni za sasa, wawili wa juu wanapelekwa kwa wanachama, na wanachama wakampa kura 81,326 dhidi ya 60,399 za Sunak.

Hiyo 81,326 naomba tukae nayo kidogo. Waliojiandikisha kupiga kura Uingereza ni zaidi ya milioni 46. Katika kila watu elfu moja wenye haki ya kupiga kura, waliomtaka Truss awe Waziri Mkuu hawakufika wawili. Ukitazama tofauti yake na mshindani wake, ni watu 20,927. Waingize Uwanja wa Benjamin Mkapa na theluthi mbili ya viti inabaki wazi. Watu hao hawakuwa wameteuliwa na yeyote kuwawakilisha wengine. Walilipa ada ya chama, wakapewa karatasi ya kura, wakachagua mtu wa kupanga kodi ya taifa zima.

Uchache wao kwangu bado si kosa kubwa, maana wabunge ni wachache zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna wa kuwauliza. Mbunge akichagua kiongozi mbaya, uchaguzi ujao jina lake limo kwenye karatasi, na mama aliyepandishiwa riba ya mkopo wa nyumba anaweza kumwondoa kwa kalamu. Mwanachama akichagua vibaya, anarudi kwake na kadi yake mfukoni. Jirani yake hawezi kumnyang'anya kitu, na pengine hata hajui kwamba alipiga kura. Madaraka makubwa kiasi hicho yalikabidhiwa watu ambao umma hauna njia yoyote ya kuwawajibisha, na tukaambiwa huko ndiko kupanua demokrasia.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 23 Septemba Kwasi Kwarteng, waziri wa fedha, alitangaza punguzo la kodi la pauni bilioni 45 hivi, sehemu kubwa ikitegemea mikopo. Tarehe 26 pauni ikaporomoka hadi karibu dola 1.03, kiwango cha chini kuliko vyote katika historia yake. Tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikaingia sokoni, ikisema iko tayari kununua hati fungani za serikali hadi pauni bilioni 65, kwa sababu mifuko ya pensheni ilikuwa ukingoni. Benki zikaanza kuondoa mikopo ya nyumba zilizokuwa zikiitangaza. Tarehe 20 Oktoba Truss akatangaza kujiuzulu, na alipokabidhi ofisi alikuwa ameikalia siku 49. Sunak alikuwa ameonya kampeni nzima kuhusu kupunguza kodi kwa fedha za kukopa. Wabunge walimweka mbele mwezi Julai, nchi ikampata Oktoba, na gharama ya miezi ile wakalipa watu wenye mikopo.

Mtu atasema: matokeo mabaya hayathibitishi kwamba njia ni mbaya, na wabunge nao wameshachagua vibaya. Ni kweli. Neville Chamberlain, Waziri Mkuu aliyemtangulia Churchill, alikuwa chaguo la wanasiasa wa bungeni. Lakini tazama alivyoondoka. Mei 1940, baada ya jeshi kushindwa Norway, Bunge lilijadili kwa siku mbili, kisha likaitwa kupiga kura. Pale Westminster kura haipigwi kwa kitufe. Mbunge anatembea kupita mlango wa ndiyo au wa hapana, na wenzake wanamwona. Wabunge 40 hivi wa upande wa serikali walipita mlango mmoja na wapinzani, baadhi yao wamevaa sare za jeshi. Chamberlain alishinda, 281 kwa 200, ila wingi uliokuwa ukizidi 200 ulikuwa umebaki 81. Akaelewa. Siku mbili baadaye Winston Churchill akawa Waziri Mkuu, bila uchaguzi mkuu wala kura za wanachama, Ujerumani ikiwa imeanza kuvamia Ulaya Magharibi siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mwenye kuchagua awe huyo huyo mwenye kutengua. Mkitenganisha mambo hayo mawili mnapata alichokipata Chama cha Labour mwaka 2016: wabunge wake wakapiga kura ya kutokuwa na imani na Jeremy Corbyn, 172 kwa 40, naye akabaki kwa sababu wanachama walikuwa wake, na miezi michache baadaye wakamrudisha kwa kishindo. Labour ilikuwa upinzani wakati ule, kwa hiyo mgogoro ukabaki ndani ya chama. Hali hiyo ikitokea kwa Waziri Mkuu aliye madarakani, nchi inakuwa na serikali isiyoweza kutawala na isiyoweza kuondoka.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Wanachama hawakupewa kura kwa bahati mbaya. Mwaka 1963 Conservative walimpata Alec Douglas-Home kwa mashauriano ya wakubwa wachache faraghani. Alikuwa lodi, yaani mjumbe wa baraza la juu la Bunge, ikabidi auache ulodi wake na kugombea jimbo la Uskoti, na kwa wiki mbili hivi Uingereza ikawa na Waziri Mkuu asiye mbunge wala lodi. Aibu ile ndiyo iliyoleta uchaguzi wa wabunge mwaka 1965, na baadaye wa wanachama. Tena wanaogawa vipeperushi kwenye mvua na kugonga milango ya watu ni wanachama, na si ajabu kwamba wanataka sauti.

Malaysia inatoa hoja kali zaidi. Mei 2018 wapiga kura waliuondoa Barisan Nasional, muungano wa vyama uliokuwa ukitawala, baada ya miaka 61. Februari 2020 kundi la wabunge likahama upande, serikali ya Mahathir Mohamad ikaanguka, na tarehe 1 Machi Muhyiddin Yassin akaapishwa kuwa Waziri Mkuu akiwa na waliokuwa wameshindwa kwenye sanduku la kura. Anayesema wabunge wamejaa biashara zao ana mfano mkononi. Ila angalia kura hizo zilihesabiwa wapi: ikulu, kwa mfalme kuwahoji wabunge. Bunge lilipokutana tarehe 18 Mei lilisikiliza hotuba ya mfalme na kuahirishwa siku hiyo hiyo, bila kura ya imani. Mimi nasoma pale Bunge lililonyimwa nafasi ya kufanya kazi yake hadharani. Mwaka 2022 Malaysia ilibadili katiba ili mbunge anayehama chama apoteze kiti, na hiyo ni dawa iliyolenga ugonjwa wenyewe.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa nyumbani. Katika uchaguzi wa Zanzibar wa Julai 1963, Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Zanzibar Nationalist Party (ZNP) ilipata 12, Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 6. Hao wawili wakaungana, na Mohammed Shamte wa ZPPP, chama chenye viti vichache kuliko vyote, ndiye aliyepokea uhuru tarehe 10 Desemba akiwa Waziri Mkuu. Kwa hesabu ya bungeni kila kitu kilikuwa sawa. Serikali ile ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Sababu za Mapinduzi ni nyingi na zina mizizi mirefu kuliko uchaguzi mmoja, ila walio wengi kupiga kura wakaona serikali ya wengine ni jeraha ambalo hesabu ya viti haiwezi kulitibu. Kwa hiyo anayetetea haki ya wabunge kuchagua Waziri Mkuu, kama mimi, hana budi kwanza kutetea mipaka ya majimbo isiyorundika kura za upande mmoja. Mbunge ana haki ya kuchagua kwa niaba ya watu pale tu watu walipohesabiwa sawasawa.

Wapo wanaosema basi mwananchi amchague Waziri Mkuu moja kwa moja tumalize ubishi. Israeli ilijaribu. Kuanzia 1996 mpiga kura alipewa karatasi mbili, ya Waziri Mkuu na ya chama. Nia ilikuwa kumpa kiongozi nguvu dhidi ya vyama vidogo. Kilichotokea ni kwamba watu, wakishamaliza kuchagua mkubwa kwenye karatasi ya kwanza, walijisikia huru kukipa chama kidogo karatasi ya pili. Likud na Labour, vyama viwili vikubwa vya huko, zilikuwa na viti 76 kwa pamoja mwaka 1992 kati ya 120; mwaka 1999 zilibaki na 45. Ehud Barak alishinda kwa asilimia 56 ya kura za nchi nzima, na Bungeni akawa na wabunge wa kuungaunga tu. Mwaka 2001 sheria ile ikafutwa.

Utaratibu ninaouona bora ni wa Ujerumani. Tarehe 6 Mei 2025 Friedrich Merz alikwenda Bundestag, bunge la huko, kuomba ukansela, yaani uwaziri mkuu, akiwa na serikali ya mseto yenye wabunge 328, akihitaji kura 316. Kura ni ya siri, lakini inahesabiwa palepale mbele ya taifa. Akapata 310. Tangu 1949 hakuna mgombea mwingine wa nafasi hiyo aliyewahi kukwama raundi ya kwanza kabla yake. Vyama vikakaa vikao vya haraka, mchana ule ule kura ikarudiwa, akapata 325. Wengi waliiona siku ile kama fedheha. Mimi niliona mtu akikumbushwa, kabla hajakalia kiti, ni nani anayeweza kumnyima. Na kumtoa kunahitaji Bunge limchague mrithi kwa kura hiyo hiyo, kama Helmut Kohl alivyomrithi Helmut Schmidt tarehe 1 Oktoba 1982.

Kwa Uingereza dawa ni fupi. Chama kikiwa upinzani, wanachama wachague kiongozi wanayemtaka. Wapiga kura wote watapata nafasi ya kumpima kabla hajatawala. Chama kikiwa madarakani, wabunge peke yao wachague, kwa kura inayotangazwa. Shida ni kwamba wanaotakiwa kukubali ni wenye kadi wenyewe. Mwaka 2005 Michael Howard, akiwa kiongozi wa Conservative, alipendekeza uamuzi wa mwisho urudi kwa wabunge, na theluthi mbili iliyohitajika haikupatikana. Baada ya yote yaliyotokea 2022, chama hicho kilimpata kiongozi mwingine Novemba 2024 kwa njia ile ile: Kemi Badenoch aliingia raundi ya wanachama akiwa na kura 42 tu kati ya wabunge 121.