Hadithi niliyokuwa nikiisimulia Mandara

Kwa miaka sita nilipandisha wageni Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Karibu kila safari, jioni ya kwanza tukiwa kambi ya Mandara, chai na bisi vikiwa mezani, niliwasimulia hadithi ileile. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, wa Kenya na huu wetu. Mjukuu wake Wilhelm wa Ujerumani akalalamika kwamba yeye hana hata mmoja, basi bibi yake akampa Kilimanjaro iwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ndiyo maana mpaka umepinda. Wageni walifurahi, wengine wakaandika kwenye madaftari yao.

Niliisikia shuleni nikiwa mdogo na sikuitilia shaka hata siku moja, kwa sababu ramani ilikuwa shahidi wangu. Mstari unatoka pwani, ukifika kwetu unakunja kona na kuuzunguka mlima, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria. Ukiwa na kona kama hiyo mbele ya macho, utahitaji ushahidi gani tena?

Hadithi hiyo si ya kweli. Mpaka ulitokana na makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, na Wilhelm alikuwa bado hajawa kaisari, alitawazwa 1888. Mlima uliangukia upande wa Wajerumani kwa mabishano ya mikataba, na mkataba mmoja waliojivunia ni ule wa mwaka 1885 kati ya wakala wao na Mangi Rindi, mtawala wa Wachagga wa Moshi. Mwaka uliotangulia, Mwingereza Harry Johnston alikuwa kwa Rindi huyohuyo. Mangi aliwapokea wote wawili, akawapima na kuwatumia kwa hesabu zake. Jina lake la pili lilikuwa Mandara.

Siku nilipoliunganisha hilo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimekaa katika kambi yenye jina la mangi, nikisimulia hadithi inayomfuta mangi huyohuyo, na kuugeuza mlima wake kuwa kifurushi kati ya bibi na mjukuu wa Ulaya. Hakuna aliyenilazimisha.

Wahenga wanasema ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Nawaheshimu, ila kwa hili nimeona vingine. Uongo wangu ulikaa meza moja na kitu halisi kabisa, ile kona ya mpaka, na ukala kwa mkono wake. Kona ipo, mtu yeyote anaweza kwenda Holili kuuona mpaka wenyewe. Kilichobuniwa ni sababu. Tangu hapo nimeanza kuamini kwamba uhalisia peke yake hautusemeshi. Upo tu, umekaa, na sisi ndio tunaouwekea maneno mdomoni.

Mlima huu umewaumbua watu kwa njia nyingi. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe kileleni akiwa njiani kuja Uchaggani. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Nalipenda sana jibu lile. Hakutaja rangi wala umbo, alitaja kile ambacho kitu chenyewe humfanyia mtu. Rebmann akaelewa papo hapo kwamba ni theluji, akaandika, na habari ikachapishwa Uingereza mwaka uliofuata. Huko London, mwanajiografia William Cooley alikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Macho ya mmisionari yamemdanganya. Cooley alikuwa amesoma mengi kuhusu Afrika na hakuwahi kuikanyaga. Mjerumani Karl von der Decken alipofika hapa 1861 pamoja na mjiolojia Richard Thornton, kisha akapanda tena 1862 hadi zaidi ya mita 4,000 na kurudi na habari ya theluji, Cooley bado alikuwa na la kubisha.

Muda wote huo watu wa Machame, Kibosho na Uru waliamka asubuhi na kukuta Kibo, kilele cha mlima, iko palepale, nyeupe. Maji ya mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, yaliendelea kuteremka migombani.

Ningeweza kuishia hapo na kusema: basi, anayeona ndiye anayejua. Lakini nimeshaonyeshwa kwamba hata hilo halitoshi, na aliyenionyesha ni mama mmoja anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Ilikuwa Aprili, mvua za masika zimekatika kwa siku moja na mlima ukajitokeza mweupe hadi mabegani. Akaniambia, "Mwanangu, wewe wa mlimani, hebu angalia. Wanaosema theluji inaisha waje hapa waone." Nikatazama. Nilishindwa kumjibu, maana macho yangu yalikuwa upande wake.

Alichokiona ni kweli, na bado barafu inaisha. Theluji ya masika hudondoka usiku na kutoweka baada ya siku chache, lakini barafu ya kudumu ni kitu kingine. Mwaka 1912 ilipopimwa ilikuwa imefunika kilometa za mraba kama 12. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Ukiwa mjini huwezi kuiona tofauti hiyo kwa jicho la asubuhi moja. Inahitaji mtu apime, mwingine apime tena baada ya miaka, na wa tatu akubali kulinganisha bila kuchagua jibu kwanza.

Nao wapimaji hukosea. Mwaka 2002 wanasayansi waliandika kwamba barafu ya Kibo huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu bado ipo. Kipande kimoja kina jina la Rebmann. Najua waongoza wageni wenzangu wanaotumia kosa hilo kusema kwamba habari yote ni uzushi. Siwaungi mkono. Aliyekwambia basi litaondoka saa mbili nalo likaondoka saa tatu hajakudanganya kuhusu safari. Hata urefu wenyewe ulioandikwa kwenye kibao cha kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni wa vipimo vya 1952. Vipimo vya 1999 vikasema 5,892. Mlima haukushtuka.

Kuna utafutaji mmoja ambao siwezi kuuzungumzia kwa utulivu. Mangi Meli, mtoto wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani hapo Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wenzake. Simulizi za kwetu zinasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akikitafuta, na akatoa vinasaba vyake vipimwe. Septemba 2023 majibu ya vipimo vya mafuvu yaliyoko Berlin yakatangazwa. Mafuvu matatu yalipatiwa ndugu walio hai, moja likiwa la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwemo.

Nimelifikiria sana jibu lile. Baada ya zaidi ya miaka 120 ingekuwa rahisi mno kwa watu kuomba fuvu lolote, walizike, walie, wapumzike. Nani angewalaumu? Lakini familia haikuomba hadithi nzuri, iliomba mtu wake.

Siku hizi nikiwapeleka wageni Old Moshi, chini ya mti ule aliponyongwa Meli, nasema tarehe, nasema majina, nasema walichokuta Berlin na wasichokikuta. Huwa kuna mmoja anayeuliza, basi kichwa kiko wapi? Namjibu kwamba kinatafutwa.