Tamthilia iliyobaki Toronto

Agosti nilikaa wiki tatu kwa dada yangu Toronto. Usiku, watoto wakishalala, tulikuwa tukitazama tamthilia moja ya mahakamani, vipindi viwili viwili. Narudi Mombasa nimefika kipindi cha sita. Nikafungua simu sebuleni: akaunti ya huduma ya filamu za mtandaoni ni ile ile, mwezi nimeulipia, tamthilia haipo. Nikiitafuta kwa jina naletewa nyingine eti zinazofanana nayo. Kipindi cha saba dada alinisimulia kwa simu.

Chanzo chake ni cha zamani kuliko intaneti. Haki za kuonyesha filamu huuzwa nchi kwa nchi, kama zilivyouzwa tangu enzi za vituo vya televisheni, na mara nyingi kwa miaka kadhaa. Hata mwenye duka hufungiwa nje. Netflix ilipoingia Afrika Januari 2016, watu wa Afrika Kusini waliikosa House of Cards, tamthilia iliyoijengea Netflix sifa, kwa kuwa haki za kuionyesha kule zilikuwa zimeshauzwa kwa wengine.

Bei siilalamikii. Februari 2023 Netflix ilishusha bei Kenya: kifurushi cha Basic kikatoka Sh700 hadi Sh300. Oktoba mwaka huo huo, Marekani, kifurushi cha jina hilo kilipanda kutoka dola 9.99 hadi 11.99, karibu Sh1,800 kwa kiwango cha siku zile. Ni haki, kwa mishahara yetu. Ila wanaotuambia tumependelewa wanasahau bando. Picha ya HD inaweza kula GB 3 kwa saa moja, na asiye na waya wa intaneti nyumbani huzinunua hizo kwa pesa yake ya mfukoni. Tena mkungu wa nusu bei si wa rahisi kama nazo ndizi, yaani filamu na tamthilia zilizomo, ni nusu.

Kama kuna kituo hapa kimelipia haki za ile tamthilia, mimi niko tayari kukifuata na kukilipa. Kinachoniuma ni pale ambapo haki hazijanunuliwa na yeyote. Imefungwa kwetu, na hakuna mlango halali wa kuingilia hata ukiwa na pesa mkononi. Basi watu wanakwenda kwa kijana wa duka la muvi pale stendi, anawajazia flashi msimu mzima, na aliyeandika hadithi hapati hata ndururu. Sipendi njia hiyo, lakini siwezi kumwita mwizi mtu aliyetafuta pa kulipia akapakosa.

Ulaya walipata dawa ya sehemu ya tatizo hili. Tangu tarehe 1 Aprili 2018, aliyelipia huduma Ufaransa akisafiri kwa muda kwenda Ureno anaendelea kuona vile vile anavyoviona kwao. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya, na mtoa huduma haruhusiwi kumtoza zaidi kwa hilo. Sisi tunavuka Lunga Lunga kwenda Tanga harusini, tunavuka Busia kwa biashara, na Bunge la Afrika Mashariki liko Arusha, lina mamlaka ya kutunga sheria za Jumuiya. Ningependa mbunge mmoja aulete muswada wa namna hiyo, na ndani yake kiwekwe kifungu kinachomlazimu kila mtoa huduma kuonyesha orodha kamili ya vilivyomo katika nchi yako kabla hujatoa senti.